Miaka Kumi na Minne Nikimpangusa Twiga wa Baba

Mwalimu wa darasa la wasichana wanaojiandaa kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani ameniomba niwaandikie. Alitaka kurasa chache kuhusu nidhamu, usafi na uvumilivu. Nidhamu na uvumilivu atawafundisha mwenyewe, maana ndiye mwenye chaki. Mimi nitawaambia habari za twiga.

Naitwa Wakesho, mzaliwa wa Voi. Nimestaafu juzi juzi tu, hata sijazoea kuamka bila kuitwa. Mishahara sitaigusa. Vyeo navyo havikuwepo: niliingia mfanyakazi wa nyumbani, nikatoka mfanyakazi wa nyumbani, ila hapo katikati nilikuwa pia bingwa wa uwindaji. Ubingwa huo niliupata siku ya kwanza kabla sijavua viatu.

Nyumba ilikuwa Al-Naseem, mashariki ya Riyadh. Mlangoni walinipokea Madam na mumewe, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mwajiri ambaye bila saini yake sitoki nchini, na ambaye sote tulimwita Baba, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kutangaza mpira. Kiarabu changu kilikuwa maneno sita, na mawili kati ya hayo nilikuwa nayakosea. Madam akaniuliza, "Kenya? Safari?"

Jamani, mimi nilikuwa nimetoka Voi kwa basi, nikakaa Nairobi siku nne nikingoja karatasi, nikapanda ndege mbili na miguu imenivimba. Nikaona huyu mama ana huruma, ananipa pole ya njiani. Nikamjibu kwa moyo mweupe: "Safari, eeh! Safari ndefu! Safari nyingi!" Nikaanza na kuzihesabu kwa vidole ili anielewe vizuri.

Baba macho yakamtoka. "Yalla, yalla!" akasema, akanitangulia mpaka majlis, ule ukumbi wa kupokelea wageni wanaume, akawasha taa zote. Ukutani alisimama twiga. Si mzima, ni kuanzia mabegani kwenda juu, lakini shingo yote ilikuwepo, na pembe zilikaribia dari. Ngozi ni yake, macho ni ya kioo. Baba akajigonga kifua, akamwelekeza twiga kidole, akafanya mkono wake bunduki: "Bum!" Kisha akanielekeza mimi. "Safari!" akasema, akifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni.

Aliyenifafanulia ni Bi Saumu, mpishi wa nyumba ile, mtu wa Tanga aliyekuwa kule miaka mingi kabla yangu.

"Umewaambia nini wewe?" akaniuliza jikoni.

"Nimewaambia nimetoka safari."

Akaweka mwiko chini, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Mwanangu, huku safari si kusafiri. Huku safari ni kwenda porini na bunduki. Umewaambia wewe ni mwindaji, tena mzoefu. Ushaandikwa hivyo, halas."

"Basi ngoja nikawaambie nimekosea."

"Nenda. Ukitoka hapo watakuuliza umedanganya na nini kingine."

Sikwenda. Na ili mjue jinsi nilivyofaa cheo hicho, niwape historia yangu yote na twiga. Kwetu walikuwa wakipita nyuma ya shamba, wanakula majani ya miiba, wanatutazama, wanaondoka. Nilipokuwa na miaka minane nilitumwa maziwa, nikacheza njiani, nikavunja kibuyu. Nikamwambia mama kwamba twiga alinguruma akanikimbiza. Mama alikuwa anamenya mihogo, hata kichwa hakuinua. "Twiga hana neno na mtu, Wakesho," akasema. "Sema kweli." Nikasema kweli, nikachapwa kweli kweli. Huo ndio uwindaji wangu.

Sasa kazi yenyewe, maana huenda na nyinyi mkakuta mnyama ukutani, siku hizi ni wengi. Adui wa Riyadh ni vumbi. Likivuma linaingia hata kwenye friji. Twiga hapanguswi kwa kitambaa kibichi, ngozi itakakamaa na kupasuka. Nilitumia brashi laini ya nywele za mtoto mchanga, nikianza kwenye paji la uso nikishuka, kufuata manyoya yanakolala. Macho ya kioo ni pamba yenye maji kidogo na tone la siki. Masikio usiyavute, ni makavu kama papadi. Na msipulizie ile dawa ya kung'arisha samani, hata Madam akisimama juu yenu. Mimi nilipuliza wiki ya kwanza, na twiga akanuka ndimu mpaka Ramadhani.

Ni katika kupangusa huko ndipo nilipokiona kiraka. Nyuma, chini ya shingo, upande uliokabili ukuta, kulikuwa na duara la ukubwa wa kizibo cha soda, limezibwa kwa ngozi ya rangi nyingine. Nilipitisha mkono mbele, kifuani, nikatafuta sana. Mbele hapakuwa na kitu. Nikarudi jikoni brashi bado mkononi.

"Umeona nini huko?" Bi Saumu akaniuliza.

"Sijaona kitu."

"Vizuri. Ushaijua kazi."

Maana kila Alhamisi alasiri wageni walikuja, na kila Alhamisi Baba aliwasimulia jinsi alivyomwinda twiga. Mwaka wangu wa kwanza twiga alikuwa amesimama mbali, na Baba akatambaa kwa tumbo kwenye majani. Kwa lile tumbo nilikuwa na maswali, lakini nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Mwaka wa tatu twiga alikuwa anakimbia. Mwaka wa tano alikuwa anakimbia kuelekea kwa Baba. Mwaka wa sita akaanza kunguruma. Kufikia mwaka wa nane alikuja simba naye, akatazama, akaona mambo ni mazito, akaenda zake. Baba alikuwa amesimama imara katika miaka yote, na risasi moja tu ilitosha: kifuani.

"Kama mnadhani natia chumvi," angesema, "muulizeni Wakisha. Huyu ni mtu wa safari." Jina langu hakuwahi kulipata vizuri, nami sikuwahi kumsahihisha, nilikuwa na makubwa zaidi ya kusahihisha.

Wageni wangenigeukia na vikombe vyao. Nami ningesema, "Sahihi, Baba."

Ubaya wa uongo ni kwamba watu huja kuomba ushauri. Bwana mmoja alikuwa anakwenda nchi za kusini kuwinda twiga wake, akataka siri ya watu wa Kenya. Kenya kuwinda kumekatazwa tangu nikiwa mdogo, na siri niliyoijua ni ya kukwepa fimbo. Lakini Baba alikuwa ananitazama kwa matumaini. Nikasema, "Mwindaji huvua saa. Twiga ana masikio makubwa, husikia saa inavyotembea." Wanaume saba wakatazama mikono yao. Miezi miwili baadaye bwana yule alirudi na picha, akasema alivua saa na mambo yalikwenda sawasawa. Akaniletea kopo la halua. Tangu siku hiyo kila aliyesafiri kwenda kuwinda aliacha saa nyumbani, na naamini mpaka leo kuna watu wazito wanaochelewa chakula huko maporini kwa sababu yangu.

Bi Saumu alistaafu kabla yangu. Siku anaondoka alinishika mkono jikoni. "Ukitaka ruhusa, mwanangu, usimwombe Baba akiwa ameshiba. Akishiba kila kitu ni kesho. Mwombe siku anayokuhitaji wewe." Nilimlilia yule mama kuliko nilivyolia nikiagana na watu wangu Voi, na siku nzima ile nilitia chumvi kwenye chai.

Kisha Baba akahamishia shughuli zake Jeddah, na nyumba yote ikahamia Al-Hamra, karibu na bahari. Twiga alilazwa ndani ya lori juu ya magodoro, amefungwa mablanketi ya Madam. Mimi nilikaa gari la nyuma na kazi ya kumtazama asiteleze. Tulisimamishwa njiani, na askari akataka karatasi za mnyama. Zilikuwepo, faili zima: cheti, mihuri, na ruhusa ya kutoka kwao iliyosainiwa na kila mtu. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, aliitazama kidogo tu. Nilimwonea yule twiga wivu, si uongo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuomba ruhusa ya kutoka, na saini moja tu ilikuwa inanishinda.

Hapa sasa ndipo penyewe, wasichana wangu. Kaka yangu alikuwa amenipigia simu. "Wakesho, mama ameanza kusahau. Jana ameniita kwa jina la marehemu baba. Watoto wangu hawajui kabisa." Nikamwuliza kama ananikumbuka mimi. Akasema, "Jina lako bado analo. Analitaja akichota maji. Lakini usikae sana."

Nilimwendea Baba siku hiyo hiyo, nikaomba miezi miwili. Akasikitika kwa dhati, akasema baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani ikawa baada ya Hija. Baada ya Hija binti alikuwa anaolewa. Baada ya harusi Madam alifanyiwa operesheni ya goti. Hakuna siku Baba alinikatalia, hakuwa mtu wa kukataa, na sijui kama kukataliwa kungeuma zaidi. Miaka miwili ilipita hivyo. Simu za kaka zikawa fupi. Mara ya mwisho aliniambia mama amelitaja jina langu, lakini alikuwa anamwita mbuzi.

Nililia stoo, nikanawa uso, nikaenda kumpangusa twiga. Jeddah adui si vumbi, ni unyevu. Ukungu mweupe huota nyuma ya masikio. Dawa yake ni spiriti ya hospitali kwenye pamba, na kiyoyozi kisizimwe hata nyumba ikiwa tupu. Watu tulilala na joto, twiga alilala kwenye baridi.

Shida nyingine ya Jeddah ni kwamba dari ya ukumbi ilikuwa fupi. Mahali pekee alipoenea twiga ni katikati ya ngazi zinazopanda juu, kichwa kikitokeza ghorofa ya kwanza mlangoni kwa Madam. Madam hakumpenda. "Ananiangalia kabla sijapaka wanja," alilalamika. Lakini shida ya Baba ilikuwa kubwa zaidi, na hakuitambua mpaka siku ile mjomba wa Madam alipopiga simu.

Mjomba alikuwa mzee wa kuwinda jangwani kwa vipanga, wale ndege wakali, tangu utotoni, mwembamba, asiyecheka ovyo. Alisema anakuja Alhamisi na marafiki zake. Habari za twiga amezisikia kwa miaka. Sasa anataka kutia kidole kwenye tundu la risasi.

Baba akapanda ngazi kuangalia. Anayepanda ngazi zile, jambo la kwanza analoliona ni nyuma ya shingo ya twiga, na kile kiraka kinamtazama usoni.

Aliniita saa tisa alasiri, Alhamisi yenyewe. Madam amelala, dereva ametumwa mikate. Baba alikuwa na bisibisi mkononi, na jasho.

"Wakisha, wewe ni mtu wa safari. Hiki cha nyuma kizibe kisionekane. Halafu mbele, hapa, kifuani, toboa."

Nikamtazama. Miaka kumi na minne, ndiyo mara ya kwanza tunalizungumza.

"Baba, ilikuwaje hasa?"

Akakaa kwenye ngazi. Nadhani alichoka kusimama imara. "Tulikuwa ndani ya gari," akasema. "Shamba la wanyama, lina uzio. Mwenye shamba akasema mchukue yule, ni mzee. Alikuwa anakula, ametupa mgongo. Nikapiga kutoka dirishani. Hakuanguka, Wakisha. Aligeuza shingo polepole kutafuta sauti imetoka wapi. Halafu akarudi kutafuna." Akajifuta uso. "Ikabidi mwenye shamba amalizie. Hiyo nani ataiomba na kahawa?"

Nilimwonea huruma Baba, naapa. Nilimwonea huruma zaidi yule aliyerudi kutafuna.

Tundu la nyuma nililiziba kwa nta ya mshumaa, manyoya niliyokuwa nimeyakusanya kwenye brashi, na kahawa nyeusi ya kutia rangi. Dakika ishirini, na mimi mwenyewe nikawa silioni. Kisha nikapanda ngazi ya kukunja upande wa mbele, na Baba, kafili wangu, akaishikilia kwa chini nisianguke. Nikaweka ncha ya bisibisi kifuani mwa twiga. Hapo nikamkumbuka Bi Saumu.

"Baba," nikasema, "safari yangu."

"Safari gani?"

"Ya kwetu. Mama yangu."

"Inshallah, Wakisha, baada ya—"

Nikaishusha bisibisi. "Mafi safari, mafi tundu," nikasema, yaani hakuna safari, hakuna tundu.

Akanitazama kule juu kama twiga amezungumza. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea kumi. "Miezi miwili," akasema.

"Miezi miwili ilikuwa ya mwaka juzi, Baba. Sasa nataka ya moja kwa moja."

Nilikuwa natetemeka mpaka ngazi inagonga ukuta. Angeweza kunirudisha kwa wakala, angeweza kumwita dereva atoboe. Lakini nje honi ikalia, na Baba akatoa simu mfukoni kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika ngazi, akafungua ile programu ya karatasi zetu, akabonyeza, akabonyeza tena. Simu yangu ikatetemeka ndani ya aproni. Nikaisoma palepale juu. Kisha nikapiga.

Nilitegemea sijui nini, damu labda. Kukatoka sponji nyeupe, chembe chembe, ikamwangukia Baba kwenye ghutra yake, kile kitambaa cha kichwani. Basi hivyo ndivyo twiga anavyowindwa, mkitaka kujua: Jeddah, saa kumi kasorobo, juu ya ngazi ya kukunja, na bosi ameshika chini. Cheo nilichopewa siku ya kwanza kwa makosa nilikistahili siku ya mwisho.

Mjomba alikuja, akapanda, akapita mgongo wa twiga bila neno. Alipofika mbele akatia kidole. Akakizungusha. Akakitoa na chembe nyeupe kwenye ukucha, akaitazama, akatazama mabega ya Baba, akanitazama mimi na birika langu.

"Huyu," akasema taratibu, "alipigwa na mtu aliyekuwa karibu sana."

"Hatua tatu!" Baba akadakia.

"Karibu zaidi," mzee akasema. "Na ana mkono usiotetemeka." Akaninyooshea kikombe nimwongeze kahawa. Hakusema kingine siku ile, na Baba alisimulia mpaka magharibi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Voi. Kaka alinipokea stesheni, na njia nzima alikuwa ananiandaa: usihuzunike, usimlazimishe, muda mwingine anarudi, muda mwingine harudi. Mama alikuwa ameketi uani na sinia la mihogo mapajani. Amekuwa mdogo, mabega kama ya mtoto. Nikapiga magoti, nikamsalimia. Akaitikia vizuri, kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni wa kanisani.

"Umetoka mbali?" akaniuliza.

"Saudia, mama. Ni mimi."

"Karibu. Wenyeji wako ni akina nani?"

Ilinikata. Miaka miwili ya baada ya hiki na baada ya kile ilinirudia yote pamoja, na nikamchukia Baba kwa mara ya kwanza, kwa moyo wote, pamoja na ngazi yake. Nikachukua kisu nikaanza kumenya mihogo pamoja naye ili mikono iwe na kazi. Kaka akaondoka akajifanya anatafuta kuku.

Mama ni mtu wa kupokea wageni. Akaona nimeinamia mihogo, akanichangamsha. "Huko ulikokuwa, ulikuwa ukifanya nini?"

Nami nikampa hadithi ambayo ulimi wangu umeizoea, ile ya Alhamisi. Nikamwambia kuna twiga, mkubwa sana, alitujia mbio. Nikamwambia tulisimama imara. Nikamwambia alinguruma, mama, alinguruma mpaka ardhi ikatetemeka.

Mama alikuwa anamenya muhogo. Hata kichwa hakuinua.

"Twiga hana neno na mtu, Wakesho," akasema. "Sema kweli."

Kisu kikaniponyoka. Nikalia, nikacheka, nikajifuta kamasi kwa kanga. Kisha nikasogeza kigoda karibu naye, nikasema kweli, nikianzia kwenye bisibisi.